Injini ya Mama Anjela na Jiwe la Kona

Vijana wangu wa gereji, mambo. Nichekeni kwanza, mmalize, ndipo tuendelee: mimi ni mstaafu mwenye miaka thelathini na nne. Hapa Babati mstaafu anajulikana kwa bakora na redio, kwa hiyo nikijiita mstaafu hata mama yangu mzazi anauliza nimestaafu nini na ndevu zenyewe bado zinatafuta pa kukaa. Lakini ni kweli. Mikono yangu ilikataa mafuta ya injini. Ngozi ikawa inapasuka mpaka kushika kijiko ni kazi, daktari akaniambia kwa upole nichague mikono au gereji. Nilikuwa na mtoto mchanga na nilitaka kumbeba, nikachagua mikono. Nikalia kidogo nyuma ya choo cha gereji, nikanawa uso, nikarudi kuaga.

Siku hizi nalima Mutuka, mahindi na mbaazi, na kila nikija mjini lazima nipite kwenu nisimame mlangoni ninuse. Juzi nimemsikia mmoja wenu akimwambia mteja, "Hii injini ya kiwandani ni ya kizee, bosi. Toa, tupa, tukufungie silinda sita." Sikusema kitu kwa sababu nilikuwa na muhogo mdomoni. Leo sina muhogo.

Nisikilizeni. Injini kali kuliko zote nilizowahi kuzigusa ilijengwa hapa hapa, chini ya bati lile lile mnalokaa, kwa vyuma vilivyotoka kiwandani. Ilikuwa pikapu ya Mama Anjela. Kila nikiikumbuka mikono hii inawasha, na safari hii si kwa sababu ya mafuta.

Nianze na aliyenifundisha, maana bila yeye sina cha kuwaambia. Fundi Tluway, Baba Martina, wengi wenu hamkumkuta. Mtu mfupi, mpole, kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Akiwa ametulia alisema na injini kwa Kiswahili. Akikasirika alihamia Kiiraqw, na ukimuuliza kwa nini, anakwambia, "Kiswahili inakijua, lakini inajifanya haisikii."

Wiki yangu ya kwanza alinipa pistoni za injini moja niziloweke na kuzisafisha. Nikazisugua mpaka zikang'aa, nikazitia zote kwenye beseni moja zikauke. Sikujua kwamba kila pistoni imezoeana na silinda yake na lazima irudi pale pale. Alikuja, akatazama beseni, akaagiza chai, akanywa yote. Kisha akasema, "Vizuri. Sasa waulize mmoja mmoja, kila mtu alikuwa analala chumba gani."

Sikupigwa, sikutukanwa. Lakini mpaka leo nikianua nguo kwenye kamba naziweka kwa mpangilio, mke wangu ananishangaa.

Haya, Mama Anjela. Alikuwa anabeba mizigo kwa pikapu aliyoachiwa na marehemu baba yake, anaendesha mwenyewe, kitenge kiunoni na viatu vya mpira. Kazi yake kubwa ilikuwa kupandisha bidhaa mlima wa Dareda. Mnaujua ule mlima, lakini mmeujua baadaye. Wakati huo ilikuwa vumbi na kokoto, na katikati palikuwa na kona tuliyoiita Kona ya Mawe. Magari yalikuwa yanaishiwa pumzi pale pale. Kila gari la mzigo lilibeba mtu wa jiwe: anakaa nyuma juu ya mzigo na jiwe lake mapajani, gari likianza kukoroma anaruka, anaweka jiwe nyuma ya tairi, gari linapumzika. Likiondoka, jiwe linabaki. Ndiyo maana pale kona palikuwa na mawe kama mtu anataka kujenga.

Asubuhi moja pikapu ya Mama Anjela ililetwa gereji ikivutwa na trekta.

"Shikamoo, Baba Martina."

"Marahaba, mama. Imekufa?"

"Haijafa. Imechoka kuaibishwa."

Akatueleza. Alikuwa amekwama Kona ya Mawe, jiwe chini ya tairi, maji yanachemka, ndipo akapita Salimu. Salimu ni yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, pikapu yake aliifungia injini kubwa ya kununuliwa, ya silinda sita. Akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Dada, umepumzika, au ndiyo umehamia?"

Tulicheka, na Mama Anjela mwenyewe akacheka, kisha akaacha kucheka. Kaka yake mkubwa, Danieli, alishatamka mbele ya ukoo: gari likishindwa mlima tena, linauzwa. Baba yao alimpa binti kwa mdomo tu, kadi ya gari ilikuwa bado na jina la marehemu.

"Basi tuifungie kubwa kama ya Salimu," nikasema mimi, mjuaji.

Fundi Tluway akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Injini ina namba, akasema, na namba iko kwenye kadi. Ukitoa injini nzima, kadi lazima ibadilishwe, na kadi ya marehemu haibadilishwi mpaka warithi wote watie sahihi. Akina Danieli hawakuwa na nia ya kutia sahihi. Walikuwa na nia ya kuuza.

Kwa hiyo bloku, kile chuma kikubwa chenye namba ambacho kila kitu kimefungwa ndani yake, ilibidi kibaki. Mengine yote yaliruhusiwa.

Hapa ndipo nataka msogee karibu. Kiwanda hakiumbi kila injini upya, kinaumba familia. Injini ya Mama Anjela ilikuwa mdogo mtu. Ilikuwa na kaka yake mkubwa, anayefungwa kwenye mabasi madogo. Ziweke bloku zao pamoja utadhani pacha. Tofauti imejificha tumboni: krenki ya kaka mtu, ule mhimili uliopindapinda unaozungushwa na pistoni, una mikono mirefu zaidi. Pistoni inashuka chini zaidi, inavuta hewa nyingi zaidi, inasukuma kwa nguvu zaidi. Na krenki hiyo inaingia kwenye bloku ya mdogo mtu bila kugombana, almradi ije na pistoni za huko kwao.

Nilipoelewa hilo nilishindwa kukaa. Nilizunguka gereji nzima. Yaani nguvu ilikuwepo siku zote, imelala kwenye mabasi mabovu nyuma ya stendi, inanyeshewa.

Tukaenda kuiamsha. Krenki tuliitoa kwenye basi lililokuwa limegeuka nyumba ya kuku. Mwenye kuku alitupa chuma akatuomba tusiguse viti, kuku wanataga pale. Kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa, ya midomo miwili, ilitoka Magugu. Pistoni tulikusanya kutoka kwenye injini tofauti zilizokufa, na hapo ndipo shida ilipo: pistoni za injini tofauti hazilingani uzito, na nzito ikikimbia pamoja na nyepesi, injini inatetemeka mpaka inajiua.

Jirani na gereji kulikuwa na dalali wa madini aliyekuwa na mizani ndogo ya kupimia mawe ya thamani. Fundi Tluway alivua kofia alipoingia, kama anaingia kanisani.

"Mzee," dalali akasema akitazama pistoni, "hii mizani imezoea vitu vya kung'aa."

"Subiri zianze kazi," Fundi Tluway akamjibu.

Tukapima, tukachagua nne zinazokaribiana, na zilizozidi tukazipunguza kwa tupa upande wa ndani, chini ya pini, tena kidogo kidogo kama mtu anayekata kucha za mtoto. Dalali mwishoni alinogewa, akawa ndiye anayesema, "Bado, mzee, hii imezidi unywele."

Kisha hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya bloku. Kule juu ya kila silinda kuna kichumba ambamo moto unawaka, na vichumba vya kiwandani havilingani sawasawa. Mnapimaje? Fundi Tluway aliazima bomba la sindano kwa bwana mifugo wa Sigino, lile kubwa la kuchanjia ng'ombe, lenye mistari ya vipimo. Unalaza hedi chali, yaani vichumba vinatazama juu, unafunika kichumba na kipande cha kioo chenye tundu, ukingoni unapaka grisi, halafu unasukuma mafuta ya taa kupitia tundu mpaka kichumba kijae. Bomba linakwambia kimemeza kiasi gani. Chenye uchoyo unakisaga kidogo, unapima tena, mpaka vyote vinywe sawa. Bwana mifugo alipokuja kuchukua bomba lake alituuliza ng'ombe yuko wapi.

Njia za hewa tulizisugua kwa msasa uliozungushiwa kijiti, tukaondoa kingo zilizoachwa kiwandani. Uso wa hedi tukaupeleka kwa mchonga vyuma aupunguze kidogo sana ili vichumba vibane zaidi. Na hapo, wadogo zangu, hakuna hata kipande kimoja kilichotoka mbali. Ni familia moja, wamekutanishwa.

Siku ya kuiwasha Mama Anjela alikuja na vitumbua. Ikawaka kwa mara ya kwanza, ikakaa, ikanguruma kwa chini, sauti nene. Mama Anjela aliweka kiganja juu ya boneti.

"Ni ile ile," akasema. "Sauti ni ya baba, ila ameshiba."

Nilitazama pembeni. Mimi ni mtu wa machozi ya karibu, mnanijua.

Sasa nawaambia kosa letu, na ninaweka dau hakuna fundi wa pwani angeweza kulifanya. Fundi Tluway alisema mteja wetu ni mlima, kwa hiyo injini ikapangwe mlimani. Tukaipandisha tupu mpaka kwao fundi, kule juu, ambako asubuhi unavaa koti. Tukapanga moto wa plagi, tukapunguza petroli kwenye kabureta mpaka ikaacha moshi, tukaijaribu kwenye vilima vya huko. Ilikuwa simba. Nilikuwa napiga kelele dirishani peke yangu. Tukashuka tumejaa sifa.

Siku iliyofuata Mama Anjela akaenda Magugu kuchukua mchele, nami nikapanda naye kwa raha zangu. Mnajua joto la Magugu. Tumepakia, tumeanza kurudi, amekanyaga mafuta, mara nikasikia sauti ndogo, kama kokoto ndani ya kopo. Mimi nilidhani ni jeki inacheza nyuma ya kiti. Mama Anjela aliondoa mguu pale pale.

"Inatafuna kitu," akasema.

"Labda jeki, mama."

"Baba hatafuni jeki."

Akaegesha. Tukarudi Babati taratibu sana, baiskeli zikitupita, na mtu mmoja wa baiskeli akatupungia mkono kwa huruma. Gereji tukafungua plagi. Juu ya kichwa cha plagi kulikuwa na vichembe vinavyometa, kama chumvi. Ni pistoni hiyo, inaliwa. Fundi Tluway alikaa kwenye tairi, kofia mkononi.

Kule juu hewa ni nyepesi na ya baridi. Injini iliyobanwa sana inaivumilia. Ukiileta chini, hewa nzito na joto, ile petroli kidogo uliyoipa haitoshi, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo ndio ule wa kokoto. Ukiendelea, unatoboa pistoni.

"Tumeishonea suti ya baridi," akasema, "halafu tukaipeleka joto."

Kama Mama Anjela asingekuwa na sikio lile, hadithi ingeishia Magugu. Andikeni mahali: injini inapangwa kwenye sehemu ya chini na ya moto kuliko zote itakakokwenda. Mlimani itapungua kidogo, sawa. Lakini itakuwa hai.

Bahati, milipuko ilikuwa imelamba tu ukingo wa pistoni moja. Tukaulainisha, tukafunga gasketi ya kiwandani iliyo nene zaidi, ile karatasi ngumu ya kuziba kati ya bloku na hedi, tukairudishia petroli, tukachelewesha moto wa plagi kidogo. Kila tulichorudisha ni nguvu tuliyoitoa kwa mikono yetu wenyewe. Nilikuwa nahesabu moyoni kama mtu anayegawa mali yake: hii imeondoka, na hii nayo. Sikujua kama iliyobaki inatosha mlima.

Na habari za Magugu zilishamfikia Danieli. Alikuja gereji, shati limenyooka, akamwamkia Fundi Tluway kwa adabu zote, halafu akamgeukia dada yake.

"Jumamosi unapandisha saruji ya kanisa, si ndiyo? Nakuja nawe. Likisimama Kona ya Mawe, Jumatatu linauzwa."

"Na lisiposimama?"

"Mama Anjela, gari lile limesimama pale tangu enzi za baba."

Jumamosi tukapakia kwa Salimu. Salimu naye alikuwa na mzigo wake wa kupandisha, akasema atatufuata nyuma. "Nitakaa karibu, dada," akasema akifunga kamba, "usije ukakosa mtu wa kukusalimia pale kona." Danieli akakaa mbele na dada yake. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa jiwe, juu ya mifuko ya saruji, jiwe zito la kijivu mapajani. Fundi Tluway alikuja nasi lakini alikataa kupanda mlima. Alishuka chini pale mlima unapoanzia, akasimama kando ya barabara na kofia yake.

"Mzee, huji kuona?"

"Mlima hauonekani kutoka kwenye mlima," akasema. "Nitasikiliza."

Tukaanza. Gia ya pili, vumbi, injini inavuta kwa sauti nene ile ile. Kona za kwanza si kitu. Halafu ukaja ule mwinuko mrefu, nikaanza kuyaona yale mawe mbele, yamejipanga pembeni kama watu wanaosubiri msiba. Nikasikia sauti inashuka. Inashuka, kweli. Nikaweka mguu mmoja juu ya bodi, tayari kuruka. Kwenye kioo cha nyuma niliona shingo ya Danieli imekaza, na mkono wa Mama Anjela unaelekea kwenye gia.

Mimi ningeweka gia ya kwanza. Yeyote angeweka ya kwanza. Yeye aligusa gia, akaiacha, akainua mguu kidogo tu, akasikiliza, akakanyaga tena polepole. Alikuwa anaipa nafasi ya kumeza. Ile krenki ndefu ikashika. Sijui niwaelezeje. Haikupiga kelele, haikuruka. Ilisimama imara tu, kama mtu aliyekaza mkanda, ikaanza kuzisukuma zile tani za saruji, tairi kwa tairi, na mawe yakaanza kupita. Moja, jingine, lundo zima. Tulipomaliza kona nikagundua nilikuwa sijapumua.

Nyuma yetu Salimu alikuwa ameng'ang'ania honi, anaipiga mfululizo. Nikadhani anataka kupita. Kumbe anashangilia. Alitoa mkono mzima nje, anapiga mlango kama ngoma.

Juu kanisani Mama Anjela alizima injini, tukasikia upepo. Danieli alishuka, akazunguka gari zima, akagusa boneti kwa vidole, akavitoa haraka kwa sababu ya joto.

"Baba alikuwa anaweka gia ya kwanza pale," akasema mwishoni.

"Baba alikuwa na krenki fupi," Mama Anjela akamjibu.

Danieli akacheka, na kicheko kikamharibikia katikati, akafuta uso kwa mkono wa shati lake lililonyooka. "Jumatatu nilisema," akasema. "Basi Jumatatu twende. Nitawaita na wadogo zetu watie sahihi. Ile kadi iandikwe jina lako."

Kisha akaniona mimi bado niko juu ya saruji.

"Kijana, shusha hilo jiwe, tumefika."

Sikuweza. Vidole vilikuwa vimegandamana juu yake. Mama Anjela akasema, "Mwache nalo."

Tuliposhuka, Fundi Tluway alikuwa pale pale tulipomwacha. Nilianza kumsimulia tangu mwanzo, kwa mikono yote miwili, akaniinulia kiganja.

"Najua mmefika."

"Umejuaje, mzee?"

"Nilikuwa nasubiri kimya pale kona. Hakikuja."

Fundi Tluway amerudi kwao juu, anafuga nyuki na kusema nao Kiiraqw. Pikapu ile mnaiona kila mnada, mtu akiwaambia ni ya kizee mtazameni tu usoni. Mimi nina ndoto moja, na siioni kubwa: nataka bloku kuukuu, niiweke juu ya benchi uani kwangu Mutuka, mje mfungue na kufunga mpaka mchoke. Mimi nitakaa pembeni na fimbo ya kuonyeshea, mikono safi, nawamiminia watu chai. Njooni. Nyumba yangu ni rahisi kuijua. Mlango unazuiwa na jiwe zito la kijivu, na mwanangu hulikalia akila uji. Ni jiwe lililopanda mlima wa Dareda mpaka juu, na halijawahi kugusa tairi.